Bendi Imekataa Kufifia: Kutatua Matatizo ya Kingamwili na siRNA Maabarani

Umetia siRNA (vipande vifupi vya RNA vya kunyamazisha jeni) kwenye seli, umesubiri saa 48, umezivunja, umeendesha jeli na kuhamishia protini kwenye utando, ukaitafuta protini yako kwa kingamwili inayoishika. Picha inatoka na bendi, yaani mstari wa protini hiyo, iko palepale, nene kama ya seli ambazo hukuzigusa. Mwanafunzi wa uzamili anasema siRNA ni mbovu. Fundi wa maabara anasema, "Daktari, kingamwili hii inashika chochote." Daktari anauliza kama kuna mtu aliyesoma maelekezo ya kutumia. Wote watatu wanakisia.

Ugumu wa kazi hii ni kwamba zana zake mbili ni mashahidi wanaotoleana ushahidi. Tunaamini siRNA imefanya kazi kwa kuwa bendi imefifia, na tunaamini kingamwili inashika protini yenyewe kwa kuwa siRNA imeififisha bendi hiyo. Bendi isipofifia, mmoja wao ana kasoro, na hutamjua ni yupi kwa kuwahoji hao wawili peke yao. Lazima umlete wa tatu: kipimo cha mRNA (nakala ya jeni ambayo seli hutengenezea protini), seli zisizo na jeni hiyo kabisa, au kingamwili nyingine inayoshika sehemu tofauti ya protini ileile. Nyingi ya wiki zinazopotea katika maabara zetu hupotea kwa sababu huyo wa tatu hakuitwa mapema, na Nairobi wiki hizo ni ghali, maana kichupa kipya hakiagizwi leo kikafika kesho.

Nimepanga maelezo kwa dalili, yaani kile unachokiona kwenye utando au chini ya hadubini.

Kabla ya dalili yoyote: je, kiumbe chako kinaweza kunyamazishwa hivyo?

Swali hili linaonekana la kitoto mpaka ukutane na mtu aliyeagiza siRNA za kutumia kwa *Plasmodium falciparum*, kimelea cha malaria. Kunyamazisha jeni kwa RNA kunahitaji mitambo iliyomo ndani ya seli yenyewe. siRNA, uzi pacha wa nyukleotidi (herufi za RNA) 21 hivi, huingia katika mkusanyiko wa protini uitwao RISC, na humo Argonaute 2 huikata mRNA inayolingana nayo. Andrew Fire na Craig Mello walionyesha nguvu ya RNA ya nyuzi mbili kwa mnyoo *C. elegans* mwaka 1998, wakapata Nobeli mwaka 2006. Mwaka 2001 kundi la Thomas Tuschl likaonyesha kwamba vipande vya nyukleotidi 21 vinafanya kazi hata kwenye seli za mamalia. *Trypanosoma brucei*, kimelea cha malale, inayo mitambo hiyo, na kwake hutumika RNA ndefu ya nyuzi mbili inayotengenezwa ndani ya kimelea chenyewe. Kimelea cha malaria, *P. falciparum*, hakina. Hapo usitafute kosa kwenye pipeti, tafuta njia nyingine.

Wanaofanya kazi na seli za ng'ombe, na Nairobi hawakosekani, wana mtego wao. siRNA iliyochorwa kwa mfuatano wa binadamu inaweza kutofautiana na wa ng'ombe kwa herufi moja au mbili, na tofauti ikiangukia katikati ya uzi, karibu na nyukleotidi ya 10 na ya 11 ambapo Argonaute hukata, kazi imekwisha kabla ya kuanza. Linganisha mfuatano kwanza. Ni kazi ya dakika chache mbele ya kompyuta.

Kingamwili ya monokloni ina tabia ileile. Inashika epitopu moja tu, kipande kidogo cha protini. Kloni maarufu ya DO-1, kwa mfano, inashika ncha ya mwanzo ya p53 (protini ya kuzuia saratani) ya binadamu lakini haiishiki ya panya. Uchaguzi huo ukiwa upande wako ni baraka: mwishoni mwa karne iliyopita, watafiti wa ILRAD pale Kabete, taasisi iliyokuja kuwa sehemu ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, walitumia kingamwili za monokloni kutofautisha aina za *Theileria parva*, kimelea cha ndigana kali, kwa sababu kingamwili moja ilishika aina hii ikaikosa ile. Ukiwa kinyume nawe, unapata utando mtupu. Karatasi ya bidhaa ikisema "binadamu, panya", usijaze mwenyewe neno "ng'ombe".

Hakuna bendi kabisa

Anza nyuma uje mbele, yaani anza na kilicho rahisi kupima. Zima taa, changanya kidogo ya kimiminika cha kutoa mwanga, dondoshea tone dogo la kingamwili ya pili (inayoishika ile ya kwanza) yenye HRP, kimeng'enya kinachokifanya kimiminika hicho kiwake. Ikiwaka rangi ya samawati, viwili hivyo ni vizima. Isipowaka, huna haja ya kuilaumu kingamwili ya kwanza. Mara nyingi sababu ni sodiamu azaidi. Dawa hii huzuia ukungu na bakteria kwenye bafa za kuhifadhia, lakini huiua HRP. Azaidi iliyo ndani ya kingamwili ya kwanza haina shida ukiosha vizuri. Iliyo ndani ya bafa ya kingamwili ya pili inamaliza kila kitu.

Kisha Ponceau S, rangi nyekundu ya kuonyesha protini zote. Kama protini zimeonekana nyekundu kwenye utando baada ya kuhamisha, uhamishaji ulifaulu. Kama ziko doa-doa, zenye miduara mieupe, hizo ni hewa zilizobaki kati ya jeli na utando. Kama hazipo, uliza: utando wa PVDF (aina ya plastiki) ulilowekwa kwenye methanoli kwanza? Nyaya ziliwekwa sawasawa, au protini zilikimbilia kwenye bafa? Protini zilizo chini ya kilodaltoni 20 hupenya utando wa matundu ya mikromita 0.45, tumia wa 0.2 na upunguze muda. Zilizo juu ya 150 hufanya kinyume, hubaki kwenye jeli: punguza methanoli mpaka asilimia 10, ongeza SDS (sabuni ya jeli) kidogo, hamisha usiku kucha kwenye baridi.

Halafu kuna kosa la kingamwili ya pili ambalo linawapata hata waliobobea. Watu wengi wamezoea kwamba "monokloni" maana yake imetoka kwa panya, kwa sababu ndivyo Köhler na Milstein walivyofanya Cambridge mwaka 1975. Siku hizi zipo monokloni nyingi za sungura. Ukiweka kingamwili ya pili inayoshika kingamwili za panya juu ya monokloni ya sungura, utapata utando safi kabisa, unaopendeza, usio na chochote. Pia zipo kloni za aina ya IgM, na kingamwili ya pili inayoshika IgG (aina iliyozoeleka) peke yake haitaziona.

Kuhusu joto la njiani. Kichupa kikikaa kwenye mizigo ya forodha siku tatu zaidi ya ilivyopangwa, kila bendi iliyokosekana mwaka huo itasingiziwa forodha. Ukweli ni kwamba kingamwili nyingi zilizo kwenye gliseroli huvumilia siku kadhaa za joto la kawaida, na siRNA iliyokaushwa huvumilia zaidi. Kinachoua polepole ni kuganda na kuyeyuka mara kwa mara. Friza ya nyumbani inayojiyeyushia barafu yenyewe, ile inayosifiwa dukani kwa kutokuwa na barafu, hupandisha joto kila inapojiyeyusha, na kingamwili isiyo na gliseroli hupitia hilo usiku na mchana bila mtu kujua. Stima ikipotea na jenereta ikachelewa, ni hadithi hiyohiyo kwa kasi zaidi. Gawa kichupa kwenye mafungu madogo siku kinapofika. Kilicho na gliseroli asilimia 50 kiweke nyuzi 20 chini ya sifuri, hapo hakigandi. Usikihamishie kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri kwa kudhani baridi zaidi ni bora zaidi.

Bendi nyingi, au bendi moja mahali pasipo pake

Usiitupe bendi kwa sababu tu namba haikulingana. p53 ina asidi amino 393 na uzito wa kukokotoa wa karibu kilodaltoni 44, lakini kwenye jeli hukaa karibu na 53, na ndiyo iliyoipa jina. Sukari zilizobandikwa, fosfeti, kukatwa kwa ncha, vyote husogeza bendi. Lakini pia usiipokee kwa sababu tu namba ililingana. Ndani ya seli kuna maelfu ya protini, na kila kilodaltoni ina wakazi wengi.

Bendi mbili za 50 na 25 kwenye sampuli ya tishu ya panya, ukitumia monokloni ya panya, karibu kila mara ni minyororo mizito na myepesi ya kingamwili za panya mwenyewe. Zikionekana baada ya kunasa protini kwa shanga, ni za kingamwili uliyotumia kunasia. Bendi nyingi chini ya bendi yako ni dalili ya protini kumeng'enywa: dawa za kuzuia proteasi hazikuwekwa, au lisati (mchuzi wa seli zilizovunjwa) ilikaa mezani wakati ukimsubiri mwenzako amalize sentrifuji.

Mchirizi mzito juu ya jeli, hasa kwa protini zinazopita utando wa seli mara nyingi, unaweza kutokana na kuchemsha kupita kiasi, kwa sababu protini za namna hiyo hugandamana zikipata joto kali. Na hapa mwinuko wa Nairobi unaingia. Tuko kati ya mita 1,600 na 1,800 hivi juu ya bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo. Itifaki iliyoandikwa Boston ikisema "nyuzi 95 kwa dakika tano", mashine ya kupashia mirija itafika 95 bila wasiwasi, lakini kilicho ndani ya mrija kitakuwa kinatokota, vifuniko vinafunguka, maji yanapotea na sampuli inabaki nzito kuliko jirani yake. Nyuzi 70 kwa dakika kumi zinatosha kwa protini nyingi. Kwa zile za utando jaribu 37 hadi 50. Fanya jaribio moja la kulinganisha, uandike ukutani, msibishane tena.

Utando mzima umekuwa mweusi

Kingamwili nyingi mno, kuosha kidogo mno, au utando uliokauka. Punguza kipimo cha kingamwili ya pili kwanza, kwa sababu ndiyo inayozidishwa mara nyingi zaidi.

Kwa upande wa kuziba utando usishike kingamwili ovyo, maziwa ya unga ya supamaketi yanafaa, mradi yawe yasiyo na mafuta. Yenye mafuta kamili huacha madoa na matone. Ila maziwa yana kaseini, ambayo ni protini yenye fosfeti, kwa hiyo kwa kingamwili zinazotafuta fosfeti tumia albumini ya seramu ya ng'ombe. Maziwa yana bayotini pia, kwa hiyo hayaendi pamoja na streptavidini, ambayo hushika bayotini. Na kama kingamwili yako ya pili ni ya kushika kingamwili za ng'ombe, maziwa yatakuletea giza tupu, kwa kuwa ndani yake mna IgG za ng'ombe. Kwenye kazi za mifugo kosa hili hujirudia kwa kila kundi jipya la wanafunzi.

Bendi nyeupe katikati ya weusi

HRP ni nyingi mahali pale hadi imemaliza kimiminika cha mwanga kabla picha haijapigwa. Wakati mwingine utando una rangi ya kahawia ukiuangalia kwa macho. Punguza protini, punguza kingamwili zote mbili. Hakuna siri nyingine.

Bendi haififii baada ya siRNA

Sasa tumefika penyewe. Sababu ni tano, na ninazipanga kwa urahisi wa kuzipima, si kwa umashuhuri.

Ya kwanza ni kwamba huenda imefifia ila huoni. Bendi ikijaa, yaani mwanga ukipita kipimo cha kamera au protini ikizidi uwezo wa kingamwili, nusu na nzima hufanana. Dawa yake haigharimu kitu. Chukua lisati ya seli zisizotiwa chochote, weka kwenye jeli ileile asilimia 100, 50, 25 na 12.5 ya kiasi chako cha kawaida. Kama safu ya 100 na ya 25 zinaonekana sawa, utando wako hauwezi kukuambia lolote kuhusu kunyamaza kwa jeni, hata siRNA iwe nzuri namna gani. Mimi ningeifanya ngazi hii kuwa lazima kwa kila utando unaodai kupima kushuka kwa protini. Inakula safu nne za jeli, najua, na watu hulalamika. Lakini utando bila ngazi ni picha nzuri isiyo na kipimo.

GAPDH, protini ya kulinganishia inayokaa kwenye kilodaltoni 37 hivi, nayo hujaa mapema sana kwa sababu imejaa kila seli. Ukilinganisha bendi yako na GAPDH iliyojaa, unagawanya kwa namba isiyobadilika hata ukipakia nusu ya sampuli. Afadhali upime protini yote ya safu kwa rangi ya utando mzima.

Ya pili ni muda. siRNA inakata mRNA, haigusi protini iliyokwisha kutengenezwa. p53 kwenye seli tulivu ina nusu-uhai (muda wa nusu yake kuharibika) wa dakika 20 hivi, kwa hiyo hufuata mRNA yake haraka. Protini nyingine hukaa siku nyingi na hupungua tu kadiri seli zinavyogawanyika. Saa 48 zilizoandikwa kwenye itifaki ni wastani wa watu wengine. Vuna saa 24, 48, 72 na 96, upime mRNA ya 24 na protini ya zote. Kwa protini sugu, rudia transfeksheni, yaani kutia siRNA kwenye seli, siku ya tatu.

Ya tatu ni kwamba siRNA haikuingia. Hapa ndipo siRNA ya kuua inapofaa: ile inayolenga PLK1, jeni ambayo seli zinazogawanyika haziwezi kuishi bila hiyo. Seli zikijikunja na kung'oka kwenye sahani ndani ya siku mbili au tatu, mlango umefunguka. Zikiendelea kustawi kama kawaida, tatizo lako ni usafirishaji, na kingamwili haihusiki hata kidogo. Angalia vitu hivi: seli zilikuwa zimejaza theluthi hadi nusu ya kisima, au zilikuwa zimebanana? Lipidi (mafuta yanayoiingiza siRNA ndani ya seli) na siRNA vilichanganywa kwenye midia isiyo na seramu? Antibayotiki ziliondolewa? Na lipidi yenyewe, je, kuna mtu aliyeiweka kwenye friza kwa nia njema? Lipidi nyingi za transfeksheni hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 4, na zikiganda chembe zake huharibika. Kichupa kitaonekana kizima.

Limfosaiti hazipokei lipidi vizuri. Zile za ng'ombe zilizoambukizwa *T. parva*, ambazo kimelea huzifanya zigawanyike bila kikomo kama seli za saratani, huelea kwenye midia na kukataa lipidi hivyohivyo. Kwa hizo tumia msukumo wa umeme, au kirusi cha lenti chenye shRNA, RNA ambayo seli yenyewe huitengeneza na kuigeuza siRNA. Kuongeza lipidi maradufu kutakupa seli zilizokufa tu.

Ya nne, siRNA iliingia lakini haikati. Pima mRNA kwa PCR. Chora vianzio (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR) vivuke eneo linalokatwa, kwa sababu kipande cha upande mmoja kinaweza kubaki kwa muda kikapimwa kama mRNA nzima. mRNA isiposhuka huku PLK1 imeua, basi mfuatano huo haufai: jaribu mwingine. Kiasi cha nanomola 10 ni pa kuanzia pazuri, na kupanda mpaka 100 hakuokoi mfuatano mbaya, kunaongeza madhara ya pembeni.

Ya tano ndiyo inayoumiza: mRNA imeshuka vizuri, muda umepita, ngazi iko sawa, na bendi haijatikisika. Basi uwezekano mkubwa ni kwamba bendi si ya protini yako. Hapa ndipo wengi hukataa kuamini, kwa sababu kichupa kimeandikwa "monokloni" na makala kadhaa zimekitumia. Neno hilo linamaanisha imetoka kwenye kloni moja. Halihakikishi kwamba inashika kitu kimoja. Wala kloni yenyewe si safi kila wakati: uchunguzi wa haibridoma (seli zinazotengeneza monokloni) 185 uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba 59 kati yake, karibu theluthi, zilitengeneza minyororo ya ziada ya kingamwili. Na mwaka 2023 mpango wa YCharOS, unaopima ubora wa kingamwili, ulitoa matokeo ya kingamwili 614 zilizopimwa dhidi ya protini 65 kwa kutumia seli zilizong'olewa jeni. Nyingi za sokoni zilishindwa, na zile za rekombinanti (zinazotengenezwa kwa mfuatano wa jeni unaojulikana) zilifanya vizuri zaidi kwa wastani kuliko za haibridoma na za polikloni (mchanganyiko wa kingamwili nyingi). Ukiwa unaagiza mpya, uliza kama ni rekombinanti.

Njia ya kumaliza ubishi ni seli zisizo na jeni hiyo. Kwa p53 huhitaji hata kung'oa chochote, maana seli za H1299 na Saos-2 hazina p53. Bendi ikionekana humo, hiyo si p53. Kwa jeni nyingine, uliza ndani ya mji kabla ya kuagiza nje. Kati ya maabara za Kabete, Kasarani, Mbagathi na vyuo vikuu kuna friza nyingi zenye seli ambazo wenyewe hawazitumii, na lisati kidogo ya mikrolita 50 ndani ya boksi la barafu husafiri mjini bila forodha yoyote.

Bendi imefifia, lakini hata kwa siRNA ya kulinganishia (isiyokusudiwa kulenga jeni yako)

Kwanza linganisha na seli zisizotiwa chochote na zile zilizotiwa lipidi peke yake. Kama lipidi peke yake imeishusha, seli zako zinaumwa na lipidi. Kama siRNA ya kulinganishia imeishusha huku lipidi haikufanya hivyo, mfuatano huo una lengo lake ambalo hukulijua. Nyukleotidi ya 2 hadi ya 8 za uzi unaoongoza zinatosha kuzipunguza mRNA nyingine nyingi, kwa namna ya mikroRNA. Jambo hili lilionekana wazi tangu 2003, na bado makala zinaandikwa kwa siRNA moja tu.

Tumia angalau siRNA mbili zisizofanana kwa jeni moja. Zikikubaliana, una hoja. Kwa kila siRNA inayofanya kazi, ningependa pia kuona nakala yake ya kulinganishia ya aina ya C911: mfuatano uleule, ila nyukleotidi ya 9, 10 na 11 zimebadilishwa. Mbegu yake, yaani nyukleotidi ya 2 hadi ya 8, inabaki, uwezo wa kukata lengo unapotea. Athari ikibaki hata kwa C911, athari hiyo haitoki kwenye jeni yako. Kinachokata mzizi wa fitina ni kurudisha jeni iliyobadilishwa herufi ili siRNA isiitambue, huku protini ikibaki vilevile. Seli zikirudi hali yake, umemaliza.

Seli zinakufa, au zinakua vibaya kila mahali

Zikifa kwenye visima vyote, hata vya lipidi peke yake, punguza lipidi na ubadilishe midia baada ya saa sita. Zikifa kwa siRNA zote huku za lipidi peke yake zikipona, shuku kiasi cha siRNA. Zikikua polepole hata kabla ya jaribio, pima mikoplasma. Bakteria hawa hawaonekani kwa hadubini ya kawaida, hawatii midia ukungu, wala hawafi kwa penisilini kwa kuwa hawana ukuta wa seli, na hubadilisha jeni nyingi kiasi cha kukuharibia matokeo yote. PCR ya mikoplasma ni rahisi. Ifanye kila seli mpya inapoingia, hata ikitoka kwa rafiki. Hasa ikitoka kwa rafiki.

Midia ikielekea waridi ndani ya inkubeta ilhali seli si chache, kumbuka tena mwinuko. Shinikizo la hewa hapa ni karibu asilimia 82 ya lile la Mombasa. Asilimia 5 ya CO2 katika hewa hiyo ni kiasi kidogo cha CO2 kuliko asilimia 5 ya pwani, na pH ya midia hupanda kwa karibu 0.1. Seli nyingi hazijali. Zile zinazochagua mazingira na zile zilizotoka kwenye transfeksheni hujali. Inategemea sensa ya inkubeta ilisawazishwa vipi, kwa hiyo usiamini kioo cha mbele: acha midia humo usiku kucha, pima pH asubuhi, na kama iko juu pandisha CO2 kuelekea asilimia 6.

Ilifanya kazi mwezi uliopita, sasa haifanyi

Namba ya bechi imebadilika? Bafa ya Tris ilipimwa pH ikiwa na joto gani? Tris hushuka pH kwa karibu 0.03 kwa kila nyuzi moja ya joto inayopanda, kwa hiyo iliyopimwa ikitoka kwenye chumba cha baridi si ile iliyopimwa mezani mchana. Kama unatumia shRNA, seli zako zimepasishwa (zimegawiwa kwenye sahani mpya) mara ngapi bila puromaisini, dawa inayoua seli zisizobeba shRNA? Zile zilizoizima shRNA hukua haraka na kuzishinda nyingine, na baada ya miezi unanyamazisha robo tu ya sahani.

Na kama mnatumia kingamwili iliyokwisha kuchanganywa mara ya pili na ya tatu, kama maabara nyingi zinavyofanya ili kichupa kisogee, haina ubaya ikiwa imo kwenye albumini yenye azaidi asilimia 0.02, inakaa kwenye nyuzi 4, na haijabandikwa HRP. Ila usilinganishe unene wa bendi ya matumizi ya kwanza na ya nne kana kwamba ni utando mmoja. Andika kwenye mrija tarehe na idadi ya matumizi. Ukiona sampuli ya zamani iliyokuwa nzuri inaanza kufifia kwenye utando mpya, changanya kingamwili upya kabla ya kuigusa siRNA.